Mfu Halipi Kodi: Maisha ya Bibi Pham Thi Nhan, 1888–1951

Mwanamke tunayemrudisha udongoni asubuhi hii aliitwa Pham Thi Nhan. Alizaliwa hapa hapa Phu Diem, mkoa wa Quang Ngai, siku ya kumi na nne ya mwezi wa kumi, mwaka wa Panya, ambao Wafaransa waliuita 1888. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Pham Quy, mvuna chumvi. Mvua zilikuwa zimejaza majaruba ya chumvi na baba yake alikaa nyumbani bila kazi, ndiyo maana, kama mzee mwenyewe alivyopenda kusema, alimsikia binti yake tangu kilio cha kwanza, na tangu siku ile hakupata nafasi ya kuacha kumsikia.

Shule hakupelekwa. Kaka zake walikwenda kwa mwalimu wa herufi za Kichina, na yeye kazi yake ilikuwa kuwapelekea wali wa mchana. Herufi alikuja kuzijua akiwa bibi, mwaka 1946, baada ya serikali yetu kuagiza kila mtu ajifunze kusoma. Mtakumbuka sokoni kulikuwa na milango miwili ya mianzi: anayesoma herufi ubaoni apite huku, asiyesoma apite kule, mlango wa vipofu.

“Bibi, hii herufi gani?” msichana wa zamu alimwuliza.

“Siijui.”

“Basi pita kule, bibi, kwa vipofu.”

“Mimi kipofu? Mbona nakuona una jani la mboga kwenye jino?”

Watu wakacheka. Msichana akafunga mdomo. Marehemu akatua vikapu vyake katikati ya njia akakaa. Nyuma yake wachuuzi wakaanza kupiga kelele, “Bibi, sogea! Samaki wanaoza!” Akawajibu bila kugeuka, “Waache waoze. Mwambieni huyu mtoto anifundishe, niondoke.” Basi akafundishwa pale pale, kwa kijiti, juu ya vumbi. Alipita mlango wa wanaosoma akiwa na herufi tatu. Sikukuu ya mwaka mpya ilipofika aliweza kuandika jina, na jina aliloandika kwanza halikuwa lake, lilikuwa la mumewe. Yule msichana wa zamu leo ni mke wa mjukuu wake, na hajapata kusahau kujisafisha meno.

Kazi ya marehemu ilikuwa chumvi. Aliivuna tangu alipoweza kuinua reki ya mbao, na miguu yake ilikuwa na ngozi ngumu nyeupe hadi magotini, ambayo wajukuu waliikwaruza kwa kucha kuona kama itatoka. Alikuwa bado msichana Wafaransa walipotangaza kwamba chumvi yote ya pwani ni mali ya ghala lao. Mvunaji aliipeleka yote kwao kwa bei waliyotaka wao, kisha akirudi nyumbani apike, ainunue ile ile kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Askari wa forodha walichoma vyuma kwenye mapaa ya nyasi na kwenye magunia ya mpunga kutafuta chumvi iliyofichwa. Aliyekamatwa na kibaba alifungwa.

Wanawake wa Phu Diem walipata njia. Waliingia majarubani na suruali zao, wakakaa ndani ya maji ya chumvi hadi kitambaa kishibe, wakatoka wakakauka juani, wakaenda nyumbani wakazisuuza kwenye chungu. Mchuzi wa nyumba hii uliitwa mchuzi wa suruali, na wageni waliusifu. Siku moja askari alimsimamisha marehemu njiani.

“Wewe dada, mbona suruali yako imesimama yenyewe?”

“Nimeinama tangu asubuhi, bwana mdogo. Miguu imelegea. Acha suruali inisaidie kusimama.”

Alisema hivyo bila kupepesa jicho, na askari, ambaye naye alikuwa mtoto wa mtu wa pwani, akageuza uso baharini akimwacha apite.

Mwaka 1906, mwezi wa pili, aliolewa na Vo Khoan, mchukuzi wa chumvi aliyepanda nayo milimani kwa mzega begani. Khoan alikuwa mtu wa maneno machache na nywele nyingi. Alizifunga kisogoni kama wanaume wote wa wakati ule, na akizifungua zilifika kiunoni. Marehemu alikuwa akimchana mlangoni jioni, na mama mkwe wake, Bibi Tuu, alisema mbele ya watu kwamba ameona wake wengi wavivu lakini hajaona mume anayechanwa kama bibi harusi. Hao wawili walichekelea kwenye mikono yao. Walikaa pamoja miaka miwili. Marehemu hakupata kuiita michache.

Machi 1908 habari zilishuka kutoka Quang Nam, mkoa ulio kaskazini mwetu. Huko watu walikuwa wamechoka. Kila mwanaume alilipa kodi ya kichwa, akabeba kadi yake kama ng'ombe abebavyo alama, na juu yake akatolewa kwenda kuchonga barabara za Wafaransa bila ujira. Mvua ikikosa, kodi haikosi. Sasa maelfu walikuwa wanatembea kwenda kwa watawala kuomba kodi ipunguzwe, bila silaha, wamebeba wali wao, na njiani wanaume walikuwa wanakata nywele. Aliyekata alikuwa anasema: nimemaliza kuinamisha kichwa.

Zamu ya Phu Diem ilipofika, Khoan alikaa uani kwenye kigoda, na marehemu, mwenye mimba ya miezi mitano, akachukua mkasi wa kukatia nyavu. Bibi Tuu akatoka jikoni mbio.

“Weka mkasi chini! Nywele hizo nilimpa mimi!”

“Na kichwa ulimpa wewe, mama,” Khoan akasema, “lakini kodi yake anachukua mwingine.”

“Mwanangu, utawaambia nini wahenga? Utakwenda mbele yao umekatwa kama mtawa?”

“Nitawaambia mke wangu ana mkono mzito.”

Marehemu akakata. Bibi Tuu akaziokota nywele zote, unywele kwa unywele, akalia, akazifunga kwenye kitambaa. Kisha akafunga wali kwenye majani ya mgomba, mafungu mawili, akampa mwanawe bila kumtazama.

Walikaa siku kadhaa mbele ya jumba la mtawala wa Kifaransa, jua na mvua. Hawakurusha jiwe. Risasi zilipoanza, walikimbia waliokuwa pembeni. Khoan alikuwa katikati. Alihukumiwa pamoja na wengine wengi, akapakiwa melini kwenda kisiwa cha Con Lon kuvunja mawe. Mwezi wa saba marehemu alijifungua mtoto wa kiume, Vo Chanh. Barua haikuja, wala mwaka ule wala uliofuata.

Iliyokuja ilikuwa kodi. Kodi ya kijiji ilikuwa fungu moja lisilopungua. Waliokufa, waliofungwa na waliokimbia, majina yao yalibaki kwenye orodha, na aliyebaki nyumbani aliwalipia. Ngoma ya kodi ilipolia kwenye ukumbi wa kijiji, mkuu wa kijiji, Bui Sanh, alikuja mlangoni na watu wake.

“Shemeji Nhan, kodi ya mumeo.”

“Mume wangu mnaye nyinyi. Mlipieni nyinyi.”

“Mimi sinaye. Mimi nina jina lake tu.”

“Basi litoe.”

“Nitalitoaje? Kama amekufa, nionyeshe kaburi. Hana kaburi, basi yu hai. Na aliye hai hulipa.”

Tusimwonee Bui Sanh. Naye fungu lisipotimia alilazwa chini akachapwa na watu wa wilaya. Lakini alikuwa mtu wa kuchapwa kisha naye akachape. Mwaka wa kwanza alichukua chungu cha shaba. Mwaka wa pili mkeka na mbao za kitanda. Mwaka wa tatu alichukua mlango, na Chanh mdogo alikua akidhani nyumba zote zina pazia la gunia.

Bibi Tuu alimsihi mkwewe wamzike Khoan. Hapa pwani kila mtu anajua: asiyerudi hutengenezewa mwili wa udongo, roho yake ikaitwa iingie, akazikwa kwa ibada kamili, kwenye kaburi tunaloliita kaburi la upepo. Bila hivyo roho inatangatanga bila mahali pa kuketi siku ya karamu. Lakini marehemu alikataa.

“Nani amesema amekufa?”

“Miaka mitano, mwanangu.”

“Nikimzika nimemwua mimi, mama. Wao bado hawajasema wamemwua.”

Hilo ndilo jambo lililomtafuna marehemu mchana na usiku. Akimzika, jina linatoka kwao na roho inapata nyumba. Lakini kama Khoan yu hai kule kisiwani, mke wake mwenyewe atakuwa amemfunika udongo. Kwa hiyo alilipa kwa vyombo vyake na kungoja.

Mwaka 1913, mwezi wa nne, Bui Sanh alikuja akatazama nyumba nzima, hakuona kitu. Kisha akaona jeneza la Bibi Tuu. Mnajua wazee wetu wanavyofanya: mtu akifika sitini watoto wake humnunulia jeneza zuri, likakaa ndani, na yeye hulipangusa vumbi kila wiki, akalala usingizi mwema akijua analo. La Bibi Tuu lilinunuliwa na Khoan, kwa jasho la mgongo wake, kabla hajaoa.

“Hilo hapana,” Bibi Tuu akasema.

“Ni mbao nzuri, mama. Litatosha.”

Bibi Tuu akapanda akaingia ndani ya jeneza akalala, mikono kifuani. “Haya, nibebeni na mimi! Mkanizike huko kwenye kodi!”

Waliliinamisha jeneza akamwagika sakafuni kama dagaa. Hakuumia sana. Alikaa pale pale chini, akawa anatazama alama nne za miguu ya jeneza kwenye sakafu ya udongo. Marehemu akamnyanyua, akamfuta vumbi, akamketisha. Halafu akasema, “Mkuu anataka kaburi. Nitampa.”

Alikwenda mwenyewe kilimani kuchota udongo mfinyanzi, safari nyingi. Alikata matawi ya mforsadi, mti unaolisha viwavi wa hariri, kwa ajili ya mifupa, tawi nene la uti wa mgongo na membamba ya mbavu, kama ilivyo desturi, na mzee Tho, bwana wa ibada, akayafunga kwa uzi. Kukanda na kufinyanga ni kazi ya mafundi wanaume, lakini marehemu alimwomba mzee Tho amwachie uso. Alifinyanga akiwa amefumba macho. Aliwahi kumweleza mke wa mjukuu wake, siku moja wakimwogesha mtoto, kwamba vidole vilikumbuka kuliko macho: paji lilikuwa hapa, sikio la kushoto lilikuwa na kikovu hapa. Alipofika kichwani Bibi Tuu akaleta kile kitambaa chake, akakifungua. Wakamrudishia Khoan nywele zake. Wakamvisha, wakamlaza kwenye jeneza la mbao duni za kreti, na mzee Tho akaita roho mara tatu kuelekea baharini.

Kijiji kizima kilikuja. Mazishi hayawezi kukatazwa, hata na Mfaransa. Bui Sanh akafika akihema.

“Mnamzika nani hapa?”

“Vo Khoan, mume wangu,” marehemu akasema. “Uliniambia nikuonyeshe kaburi. Karibu.”

“Hili ni tope!”

Marehemu alinyoosha mkono tu kuelekea kaburi la pili kutoka pale, lenye ukuta wa mawe na maua mapya. Humo alilala babu yake Bui Sanh, baharia ambaye chombo chake hakikurudi. Naye alikuwa wa udongo na mforsadi. Bui Sanh mwenyewe alimchomea udi kila mwaka.

Mzee Tho akauliza kwa upole, “Umesema ni nini, mkuu?”

Bui Sanh akavua kilemba, akainama mara mbili mbele ya jeneza, akaondoka.

Wiki ile ile mke mwingine wa mfungwa alimzika mumewe. Kisha wa tatu. Kisha wake za waliokimbilia kusini. Kisha, na hapa ndipo kijiji chetu kilipopata sifa yake, wanaume waliokuwa hai wakaanza kuzikwa. Waliketi kwenye matanga yao wenyewe, nguo nyeupe na yote, wakila. “Marehemu, ongeza wali!” “Marehemu, usimalize nyama, wafiwa hawajala!” Ngoma ya kodi ikilia, wake zao walisimama mlangoni wakijifuta macho: “Pole sana, mkuu, umechelewa, tumemzika jana.” Na yeye yuko nyuma ya pazia anakohoa. Mforsadi uliisha kijijini, viwavi wa hariri wakashinda na njaa.

Mkuu wa wilaya akaja kwa machela, na askari. Alikuwa msomi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Akatazama safu za makaburi mapya, akauliza la kwanza ni lipi. Akaonyeshwa la Khoan.

“Lichimbueni.”

Askari mmoja akapewa jembe. Akalishika, akalitazama, akalirudisha.

“Nimesema chimba!”

“Bwana mkubwa, mimi nina mama.”

Akapewa wa pili. Akalia. Ndipo marehemu akasogea mbele, amembeba Chanh mgongoni ingawa mtoto alishakuwa mkubwa wa kutembea.

“Bwana mkubwa, umesoma vitabu vyote. Wewe unajua sheria ya wafalme wetu inamfanya nini anayefukua kaburi. Kama haya si makaburi, chimba mwenyewe. Lakini anza na lile lenye ukuta, la babu yake mkuu wetu wa kijiji, maana ni tope lile lile.”

Bui Sanh akapiga magoti. Akashika pindo la joho la bwana mkubwa akasema, “Usimguse babu yangu.” Ndiyo mara pekee, marehemu alisema, aliyompenda.

Hakuna kaburi lililochimbuliwa. Walio hai walirudishwa kwenye orodha kwa fimbo, mmoja mmoja. Marehemu alichapwa ukumbini na kufungwa wilayani miezi sita. Lakini jina la Vo Khoan, na majina ya wote ambao kweli hawakuwapo, yalikatwa. Jeneza la Bibi Tuu lilirudishwa na watu wa Bui Sanh wenyewe, mchana kweupe, na Bibi Tuu akawaambia walipanguse kwanza.

Wako waliosema: mwanamke yule alipata nini? Alichapwa kwa ajili ya jina moja. Marehemu alijibu kwamba kabla ya pale hakuna mtu wa Phu Diem aliyewahi kuchukua chochote kutoka mikononi mwa watawala, hata jina. Na tangu pale ngoma ya kodi haikutisha tena kama zamani. Mtu aliyekwisha kula wali wa matanga yake utamwogopesha na nini? Oktoba 1930, wakulima wa wilaya walipoungana na kuingia ofisi ya wilaya, waliotangulia kutoka kijiji chetu walikuwa wale wale marehemu wa mwaka 1913, wenye mvi, na watoto wao. Chanh, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa mmoja wa waliozitoa orodha za kodi uani na kuzitia moto. Mama yake alikuwepo na mzega wa maji ya kunywa. Alipoulizwa kwa nini hasogei karibu aone moto, alisema ameshaona jina analolijali likitoka, haya ni ya wenzake wafurahie.

Malipo yake yalikuwa makali. Jeshi lilikuja, nyumba zikachomwa, Chanh akafungwa hadi 1934. Marehemu alimlea mjukuu wake Lam kwa uji na mizizi, akamzika Bibi Tuu katika jeneza lake mwenyewe, akavuna chumvi, akasubiri tena. Kusubiri alikujua. Agosti 1945 wilaya ikawa yetu bila ya Mfaransa wala Mjapani, na Septemba ile serikali mpya ikafuta kodi ya kichwa. Habari iliposomwa ukumbini watu waliruka. Walimwita marehemu aseme neno. Alisimama, akasema, “Mwaka ule wa 1908 walikwenda kuomba ipunguzwe tu.” Akakaa.

Mwisho wa mwaka ule wafungwa wa Con Lon walianza kurudi makwao. Miongoni mwao alikuwamo mzee Ngo Huan, mtu wa wilaya ya jirani, amebaki mifupa na macho. Alikuja Phu Diem akiulizia nyumba ya Khoan mchukuzi. Marehemu alimpa chai, akakaa mbele yake, mikono magotini.

“Alikufa lini?” akauliza.

“Mwaka wa 1921, dada. Kifua.”

Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Alipofinyangwa, alipoitwa kuelekea baharini, alipofunikwa udongo, Khoan alikuwa kule kisiwani na nyundo mkononi, hai. Kwa miaka yote ile aliandaliwa karamu ya wafu akiwa bado anakula wali wa jela. Uso wa marehemu ulibadilika rangi ukawa kama majivu, na mkwewe, mke wa Chanh, akasogea kumshika.

“Alijua?” akauliza. “Alijua nimemzika?”

“Alijua. Mtu wa huku aliletwa mwaka wa 1916, akamsimulia yote. Jeneza, mkuu wa wilaya, babu wa nani sijui.”

“Akasemaje?”

Mzee Huan akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena. “Dada, yule mtu hakuwa msemaji. Lakini siku ile alicheka hadi mlinzi akaja kumpiga. Akawa anatuambia, ‘Nyinyi wote bado mnadaiwa makwenu. Mimi mke wangu amenitoa.’ Kila mwaka, siku aliyozikwa, alituomba tumpe heshima zake. Tulimwinamia, naye alipokea kama babu. Tulimwita Marehemu Khoan.”

Marehemu Nhan aliinuka akaenda majarubani peke yake, na hakurudi hadi chakula kilipopoa. Aliporudi macho yalikuwa yamevimba, lakini alikula bakuli mbili. Jamaa walipomshauri ahamishie karamu kwenye tarehe ya kweli ya kifo, alikataa. “Tarehe ya kifo ni yao. Yangu ni ile niliyomtoa.”

Miaka yake ya mwisho aliiishi kwa kazi na watoto. Wasiomjua walimwona mkali. Waliokaa naye walimwona akipasha kiganja kwenye jiko kabla ya kumgusa mtoto mchanga, akigeuza ubavu usiku polepole asimwamshe mtu, akiweka kichwa cha samaki kwenye bakuli la mzazi anayenyonyesha na kudai kwamba yeye hakipendi. Alikipenda sana.

Mwaka huu, baada ya sikukuu ya mwaka mpya, alianza kukohoa. Meli za Wafaransa, waliorudi na vita, zilikuwa zimepiga majaruba kwa mizinga, naye alisisitiza kwenda kuziba kingo na wenzake, kwenye maji ya baridi, akapata homa ya mapafu. Mganga wa kijiji alimtibu kwa dawa zilizokuwepo. Mzee Vo Thap, mkubwa wa ukoo wa Khoan, alikuja kumwona, akazungumzia kwa heshima mahali pa kumlaza. Alisema si vizuri kumweka kando ya kaburi la upepo, kwa kuwa sasa inajulikana mwili wa Khoan uko kisiwani. Heri alale na wazazi wake hadi siku nchi itakapokuwa huru yote na mifupa iletwe.

Marehemu akafumbua macho.

“Shemeji, mume wangu yuko pale kilimani.”

“Dada, pale ni udongo.”

“Udongo ule ndiye mume wangu. Wao walibaki na mifupa tu.”

Alifariki tarehe 11 Machi 1951, alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minne kwa hesabu yetu. Mzee Thap ndiye aliyepima shimo, kando ya Khoan, upande wa kushoto, na ndiye aliyechimba jembe la kwanza.

Ameacha mwana mmoja, Vo Chanh, na mkwewe Bi Lien; mjukuu mmoja, Vo Lam, aliyeko vitani na hakuweza kufika, na mke wake; kitukuu mmoja, Hanh, wa miezi saba; wapwa na binamu wengi; na kijiji chenye makaburi ya watu ambao baadhi yao wamesimama hapa wanatusikiliza.

Apumzike kwa amani Bibi Pham Thi Nhan. Hadaiwi na mtu.